Nzembi Alivyomrudishia Mungu Mbegu

Jumapili ya kubariki mbegu, Nzembi, mjane wa Mbithi, aliingia kanisani akiwa amechelewa makusudi. Alikuwa na kibuyu kichwani na uso ambao mbwa aliyelala mlangoni aliutazama mara moja tu akahama. Wanawake wenzake walikuwa wamepanga mbegu zao sakafuni mbele ya altare, ndani ya mikebe, vibuyu na mifuko iliyokuwa ya sukari, kama inavyofanywa Ndithini kila mwaka kabla ya mvua ya Oktoba. Nzembi hakuweka chake sakafuni. Alikikita juu ya meza ya altare yenyewe, katikati ya mishumaa, akasema, "Hii nimerudisha."

Katekista Njogu alikuwa ameshika tawi la kunyunyizia na ndoo ya maji ya baraka aliyoachiwa na padre. Maji yalikuwa haba mwaka huo hata kila ukoo ulipangiwa tone moja, wakagawane wenyewe nyumbani. Tawi likabaki hewani.

"Umerudisha nini, mama?"

"Mbegu."

"Umemrudishia nani?"

"Mwenyewe. Mwambie Nzembi amesema asante, hataki tena. Nimechekecha majivu yote, nimepepeta, ni safi kuliko alivyonipa. Asije akasema nimemrudishia kitu kichafu."

Akageuka, akatoka, leso yake ikipiga mabenchi kushoto na kulia. Kiongozi wa kwaya alijaribu kuanzisha wimbo ili kufunika aibu, lakini sauti ilimkwama akaishia kukohoa.

Asiyelima Ndithini hawezi kujua ukubwa wa jambo hilo. Kule mvua haingojewi. Inakuja siku chache, inaangalia huku na huku kama mgeni aliyeona sufuria iko chini na moto umezimwa, kisha inaenda zake. Mtu akisubiri udongo ulowe ndipo apande, mimea yake ikifika magotini mvua imeshasahau njia, naye atavuna mabua. Kwa hivyo watu wanapanda kwenye vumbi. Unachimba shimo kavu, unatia mbegu kavu, unafukia kwa udongo mkavu, halafu unarudi nyumbani kumngoja Mungu. Wapita njia wasiojua wanadhani watu wanaficha mali.

Nzembi na Mbithi walikuwa wamepanda hivyo tangu waoane, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Lakini msimu uliopita mvua ilikuja ya uongo. Ilinyesha kiasi cha kuamsha ndengu ardhini, ndengu zikatoa vichwa kwa furaha, nayo ikaondoka. Jua lililofuata lilikuwa kali hata kivuli cha mtu kilijikunja chini ya nyayo zake kikakataa kutoka. Punda wa jirani alifungua mdomo alie, likatoka vumbi. Nyuki walikuwa wakiingia majikoni kuomba maji, tena kwa adabu, mmoja mmoja.

Katikati ya jua hilo Mbithi akaugua kifua. Nzembi alifunga, akaomba, akaita jumuiya nzima iombe, akaahidi vitu ambavyo hata askofu hana. Mbithi mwenyewe alikuwa ametulia hata akawa anaudhi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, akichagua ndengu chache zilizopona kwenye ukingo wa matuta. Kila punje aliinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaikagua kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe wa mahari.

"Pumzika," Nzembi alikuwa akimwambia.

"Hii ni ya Oktoba. Mungu hawezi kutusahau mara mbili."

Alikufa Oktoba ikiwa bado mbali, ungo ukiwa mapajani. Na mazishini kila mdomo uliofunguka ulisema ni mapenzi ya Mungu. Walisema wenye kulia na wenye kula. Walisema mpaka Nzembi akaapa kwamba atakayelisema tena neno hilo atamng'ata. Inasemekana dada mmoja wa kwaya ana alama kwenye mkono hadi leo, ingawa yeye anadai ni mbuzi.

Hasira hiyo ndiyo iliyochekecha majivu kutoka kwenye mbegu ya Mbithi na kuibeba hadi altareni.

Baada ya ibada ile hakuna aliyethubutu kumfuata nyumbani ila Mwelu, jirani yake, mwenye yule punda, muuza maembe katika soko la Kangundo. Huyo alikuwa na sauti ya kumuita mteja aliye kilima cha pili na mteja akaja akiomba radhi kwa kuchelewa. Alimkuta Nzembi akivunja kuni kwa goti.

"Nasikia umemfuta Mungu kazi," Mwelu alisema, akijikalia kwenye jiwe bila kukaribishwa.

"Sijamfuta. Nimeacha yangu."

"Utakula nini?"

"Muulize Yeye. Si mnasema analisha ndege? Mimi ndege nimewaokota hapa chini ya muarubaini wamekauka kama majani ya chai."

"Nzembi, mpendwa, Mungu hampi mtu mzigo ambao..."

"Malizia hayo maneno uone hizi kuni zitavunjikia wapi."

Mwelu aliziangalia kuni, akaamua kutomalizia. Akajikuna shingo. "Sikuja kukuhubiria. Nimekuja kukukumbusha Ijumaa ni zamu yako ya mwethya."

Mwethya ni kikundi cha wanawake wanaolimiana, leo kwa huyu kesho kwa yule, na kila mtu anabeba jembe lake.

"Pitisheni," Nzembi akasema. "Sina mbegu."

"Zamu haipitishwi. Tulipitisha ya Kasyoka mwaka ule, mpaka leo akiniona sokoni anageuka kusalimia nguzo ya stima."

"Mtachimba mashimo ya kutia nini?"

"Mimi kazi yangu ni jembe. Cha kutia kwenye shimo ni shauri lako na Bwana wako."

"Si Bwana wangu. Bwana wangu alikuwa Mbithi na mmenisaidia kumfukia."

Hapo hata Mwelu, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia tangu abatizwe, aliinuka kwenye jiwe. Akakusanya vipande vya kuni vilivyoruka mbali, akavirudisha kwenye rundo, akaenda.

Ijumaa walikuja wote. Nzembi aliwasikia kutoka mbali, maana wanawake wa mwethya hawajui kutembea bila kuimba, akaketi mlangoni akiwapa mgongo. Hawakumsalimia mgongo. Walishuka kwenye matuta wakajipanga mstari, Mwelu upande mmoja, Kasyoka upande wa pili, majembe yakaanza. Udongo ulikuwa mgumu hata majembe yalikuwa yakipiga yanaruka na kutaka kurudi nyumbani. Vumbi lilisimama juu yao kama ukuta. Kasyoka alipiga chafya, na chafya yenyewe ikatoka na kokoto.

"Nzembi," Kasyoka aliita, "kama umetususia, si utuletee hata uji."

"Nani aliwaita?"

"Tumeitwa na zamu."

Nzembi hakuleta uji. Lakini mgongo ulimchoka, na mtu akichoka mgongo hugeuka. Alipogeuka aliona shamba la Mbithi limepigwa mashimo kutoka tuta la juu karibu hadi la chini, mistari imenyooka, mashimo yamefunguka yote yakitazama juu. Mashamba ya majirani kushoto na kulia yalikuwa yamefukiwa tayari, kila mtu na mbegu yake ardhini. Shamba lake pekee ndilo lililoachama.

Na nyuma ya Kilimambogo wingu lilikuwa linapanda.

Halikuwa wingu la kuchekesha. Lilikuwa jeusi chini na jeupe juu, na upepo uliotoka kwalo ulileta ile harufu ambayo ng'ombe huinua pua kuinusa. Wanawake waliacha kuimba. Ikinyesha sasa, mashimo yale yatajaa maji matupu. Mvua itapita kwenye shamba la Mbithi na isikute mtu.

Nzembi alijikuta amesimama. Miguu ilikuwa imeanza safari kabla yeye hajaamua.

"Unaenda wapi?" Mwelu akamuuliza.

"Kukojoa."

Akashika njia ya kanisani. Hakuna aliyecheka mpaka alipopita kwenye kona.

Njogu alikuwa nje ya kanisa akipigilia msumari kwenye benchi. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyeletwa huku Yatta na wazazi wake akiwa bado ananyonya, akalelewa kwenye duka, akajifunza kuongea na kila mtu kama mteja asiyepaswa kukasirishwa.

"Nipe kibuyu changu," Nzembi akasema.

Njogu alitoa misumari mdomoni kwanza. "Si chako, mama. Ulirudisha."

"Njogu, usinichezee leo. Wingu hilo unaliona."

"Ninaliona. Lakini mimi hukunipa kitu. Ungenipa mimi ningekurudishia sasa hivi, na chai juu. Ulimpa mwenye nyumba. Ingia uongee naye."

"Nikiingia nitasema vibaya."

"Sema."

"Kanisani?"

"Ulitaka ukasemee wapi, kwa chifu? Hizo Zaburi zimejaa watu wanamlilia na kumgombeza. Mimi nikizisoma hapo mbele nyinyi mnasinzia, mnaamka kwenye haleluya."

Nzembi alimtazama kama anayepima mahali pa kumpiga. Kisha akaingia.

Kibuyu kilikuwa pale pale mezani. Hakuna aliyekigusa. Ndani ya kanisa lile la mabati kulikuwa na joto la kuivisha ndizi, na hakuna sauti isipokuwa mabati yenyewe yakilia kwa jua. Alisimama mbele ya altare, mikono kiunoni, kama mwanamke aliyemfumania mumewe.

"Ulijua," alianza, na sauti ilikuwa ndogo. "Hapo ndipo sikuelewi. Mtu ameketi mlangoni kwake anachagua mbegu ya Oktoba. Punje moja moja. Wewe unamwona. Unajua Oktoba hafiki. Na unanyamaza. Si ungemwambia alale? Si ungemwambia, Mbithi, weka huo ungo chini, shika mkono wa bibi yako? Ungepungukiwa na nini?"

Akangoja. Mabati yakaendelea kulia kwa jua. Basi sauti ikapanda.

"Na mimi ulinisikia. Usinidanganye hukusikia. Niliomba hata mbuzi wakajifunza kuitikia amina. Nilikuambia chukua shamba, chukua ng'ombe, chukua hata jicho langu moja, la kulia ndilo bora. Ukachukua yule. Yule aliyekuwa anakuamini kuliko sisi wote, alikuwa anakuamini mpaka ananikasirisha. Halafu unatuma watu kwangu waniambie ni mapenzi yako. Kama ni mapenzi, wapende wengine. Mimi uniache."

Watu waliokuwa barabarani wanaapa kwamba mabati ya kanisa yaliinuka kidogo yakarudi. Mwendesha bodaboda alizima pikipiki akavua kofia. Njogu, pale nje, hakugonga msumari.

Nzembi aliinua kibuyu. Alikuwa amekusudia kukimwaga, mbegu zote zitawanyike chini ya miguu ya Mungu, mambo yaishe. Akang'oa kifuniko. Unga mweupe ukamwangukia kidoleni. Na juu ya mdomo wa kibuyu, bila haraka, akatoka mdudu mmoja mweusi, mdogo kuliko kichwa cha kiberiti, akatembea kama mwenye shamba.

Alijua mara moja. Majivu. Mbegu hukaa salama kwa sababu ya majivu ya jikoni, na mtoto wa Ndithini anajua hilo kabla hajajua jina lake. Mbithi mwenyewe ndiye aliyechanganya majivu yale kwa mkono wake. Yeye, kwa ajili ya kumwonyesha Mungu dharau iliyooshwa vizuri, alikuwa ameyachekecha yote, akamwachia mdudu mlango wazi.

"Hata hapa?" alimuuliza Mungu, na sasa alikuwa analia, kilio ambacho hakukilia mazishini. "Hata kwenye meza yako?"

Alimponda yule mdudu kwa ukucha. Akatia mkono ndani, akatoa ndengu kiganja kimoja, akaziangalia. Nyingine zilikuwa na tundu. Nyingi zilikuwa nzima, kijani, ngumu, vile vile alivyoziacha Mbithi. Alikaa kwenye benchi la mbele akiwa amezishika, akalia hata pua ikaziba, na hakupangusa kitu. Mtu yule alikuwa amezichagua akijua mwili wake ulivyo. Hakuwa mjinga Mbithi. Alisikia kifua chake mwenyewe kila usiku. Na asubuhi alichukua ungo.

Alipoinuka, hasira ilikuwa bado iko, imekaa pale pale ilipokuwa. Ila ilikuwa imepata kazi.

"Sikiliza," akasema. "Naichukua. Sikuombi msamaha leo, nguvu hiyo sina. Nitaitia kwenye udongo wako. Ukitaka kuiua, iue Wewe mwenyewe, mchana, nimesimama nakuangalia. Usinitumie mdudu."

Akapiga ishara ya msalaba kwa mazoea, kwa nguvu, kama anayeua mbu, akatoka.

Alirudi mbio, kibuyu kifuani, na Njogu nyuma yake na jembe la kanisa, suruali ameikunja. Mwelu aliwaona kutoka mbali.

"Umekojoa vizuri?" akauliza.

"Nyamaza, shika mbegu. Zenye tundu tupa."

Walikuwa wameanza tuta la pili wakati Kasyoka alipoinua kichwa na kuguna. Wengine wakatazama. Wingu lilikuwa limegeuka. Lilikuwa linaenda upande wa Kitui, jeusi, limejaa, linaenda zake na kila kitu chake, na jua likarudi pale lilipokuwa limesimama likasimama tena. Mwanamke mmoja alikaa chini. Mwelu aliangalia kiganja chake kilichojaa ndengu, akaangalia mdomo wa kibuyu.

"Nzembi," akasema taratibu, na yeye si mtu wa kusema taratibu, "hizi ndizo zote. Tukizitia sasa na mvua ikuje tena ya uongo, hutakuwa na kitu. Pengine ungetia majivu mapya, ungoje kidogo."

"Mbithi alisema Oktoba."

"Na wingu limesema Kitui."

"Sikuuliza wingu."

Akainama. Akatia punje kwenye shimo, akafukia kwa kisigino, akasogea. Na kila shimo alikuwa analisemesha. Wanawake walipunguza kelele za majembe wasikie. Mwanzoni ilikuwa ni matusi ya kanisani, yale ambayo mtu hawezi kuungama kwa sababu hayana jina. Umelala. Umetuchoka. Ulisema uko, uko wapi. Tuta la tatu alikuwa anasema jina la Mbithi tu, mara moja kwa kila shimo. Tuta la nne alikuwa anasema, "Haya. Hii pia. Haya, na hii."

"Hapo sasa unaomba," Mwelu akamwambia.

"Siombi. Kuna mtu naongea naye."

"Na anajibu?"

"Wewe na mumeo mkinuniana, huwa anajibu siku hiyo hiyo?"

Mwelu alicheka hata akadondosha ndengu, ikabidi apige magoti kuzitafuta vumbini, na Nzembi akamwambia azitafute zote, hata moja isipotee, hizo zimechaguliwa na mtu. Kasyoka akaanzisha wimbo wa Maria, polepole, na safari hii haukukwama. Nzembi hakuitikia. Lakini mkono wake na mguu wake vilikuwa vinakwenda na wimbo, na alipogundua hivyo alikasirika akabadilisha mwendo, na baada ya mashimo machache ukarudi tena wenyewe.

Jua lilipoinama kibuyu kilikuwa chepesi. Alikigeuza, akakipiga kofi chini, ikatoka punje ya mwisho na vumbi. Akaitia kwenye shimo, akafukia, akasimama juu yake. Shamba lote lilikuwa limefungwa. Hakukuwa na kitu cha kurudisha kwa mtu yeyote.

Njogu alikuwa ameegemea jembe, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, akitafuta neno la kikatekista la kumalizia kazi. Kasyoka alimtangulia.

"Na isiponyesha?"

Wote wakamtazama Nzembi. Naye akatazama upande wa Kilimambogo, ambako sasa hakukuwa na wingu hata la kufunika kuku.

"Nitarudi kule ndani. Njogu, usifunge kanisa."

"Hata nikitaka, kitasa kiliharibika."

"Basi ni vizuri. Na mkisikia kelele msije kunitoa. Nitakuwa sijamaliza."

Kisha akawageukia wanawake, akaona wamesimama kama watu waliomaliza, akawaonyesha kwa kidevu kile kipande cha chini kilichosahaulika penye mawe, ambacho jembe lilikuwa halijafika. Mbegu ya kupanda pale haikuwepo. Lakini mvua ya kweli ikija itashuka kutoka juu ikiwa na nguvu, na bila mtaro pale itabeba udongo wote wa Mbithi mpaka mtoni.

"Mtaro," akasema. "Au mlidhani atanyesha kwa upole?"

Akashika jembe, akashuka kwanza.